Kulwa wa Dirishani

Silikoni ya madirisha ina harufu kali inayofanana na siki, na wiki hii imenikosesha raha kabisa. Fundi wa aluminiamu anafunga vioo kwenye nyumba ninayoijenga kidogo kidogo, na mimi, badala ya kukaa kivulini nisahihishe kazi za wanafunzi wangu, naingia na kutoka. Nachukua ndoo ya maji, naiacha njiani. Fundi ameniuliza kama kuna mahali hajaniridhisha. Nimemwambia hapana, aendelee tu, kisha nikarudi kusimama nyuma yake mpaka nikamwona anakunja uso. Kioo nilikichagua mwenyewe: kile cha kahawia kinachong'aa, ambacho mchana mtu wa nje akikitazama anajiona yeye, na wewe uliye ndani unamwona yeye vilevile. Siku hizi kimejaa Mwanza nzima, madukani na kwenye nyumba zilizopanda juu ya mawe. Dirisha la kwanza lilipokamilika nilitoka nje kulitazama. Nikamwona mwanamke mnene kiasi, kanga kiunoni, anahema kama aliyekimbizwa, na moyo ukanidunda kama ulivyonidunda nikiwa mtoto ambaye hata shule hajaanza.

Mimi ni Doto. Kwetu Usukumani jina hilo halina haja ya maelezo marefu: ukiwa Doto, maana yake kuna Kulwa aliyetangulia kutoka tumboni. Kulwa wangu aliishi muda mfupi. Homa ilitushika wote wawili siku moja, tukiwa wachanga, tumelazwa kitanda kimoja. Yeye akaenda, mimi nikabaki. Uso wake siukumbuki, ila watu wazima walipenda kuniambia kwamba sina haja ya kuukumbuka, ni huu huu wangu.

Bibi mzaa mama, aliyekuwa na shamba lake Bujora, hakuruhusu mtu aseme mbele yake kwamba Kulwa amekufa. Alisema pacha hafi, pacha huhama, na aliyehama ana haki zake. Akininunulia kitambaa cha gauni, alinunua cha magauni mawili. Moja nilivaa mimi, la pili lilikunjwa likaenda Bujora kuwekwa kwa ajili ya Kulwa. Mama alikuwa akiuza chai na maandazi Igogo, karibu na kiwanda cha samaki alichofanyia kazi baba, kwa hiyo maandazi hayakukosekana, nami nikipewa, nilipewa mawili. La pili nililiweka kwenye sahani ya bati nje ya mlango, na hakuna asubuhi hata moja niliyolikuta. Leo najua kwamba mbwa wa Igogo hawakuwa wajinga. Wakati ule nilijua kwamba Kulwa anakula. Nilikua nikiamini nina ndugu ambaye haonekani, ana nguo kama zangu na anapenda vitu ninavyovipenda. Sikumwogopa. Nilimwonea wivu kidogo, kwa sababu yeye hakutumwa dukani wala hakuoshwa kwa maji baridi.

Kisha mama akaugua tumbo. Nakumbuka alivyokaa chini kando ya jiko lake la maandazi, mafuta yakichemka, akawa hasemi kitu, na wateja wakajitoa mmoja mmoja. Walisema ni taifodi, na kwamba imemtoboa utumbo. Neno hilo la kutoboa lilinisumbua sana. Nilimfikiria mama kama ndoo iliyotoboka, nikawa nalala nikiwaza kinachomwagika. Alipasuliwa, lakini kidonda hakikufunga vizuri na homa haikushuka, kwa hiyo akawekwa chumba cha uangalizi, kwenye jengo jipya la hospitali lenye madirisha ya kile kioo cha kahawia. Watoto hawakuruhusiwa kuingia. Bibi alikuja kutoka Bujora kumuuguza, na kwa kuwa baba alikuwa kiwandani mchana kutwa, bibi hakuwa na wa kumwachia mimi. Kila siku tulipanda wote mlima na kapu la chakula. Kila siku mlinzi alimruhusu yeye akanirudisha mimi, nami nikampa shikamoo ya hasira.

Bibi akanitafutia mahali. Nyuma ya jengo, katikati ya mawe, kulikuwa na kipande cha nyasi chini ya dirisha la mama. Alinisimamisha pale akanielekeza.

"Mama yako kitanda chake ni hicho cha dirishani," alisema. "Anakuona, ng'wanawane, mwanangu. Mpungie."

Akaniacha, akaingia. Nilipanda juu ya jiwe, nikashika nondo zilizofungwa nje ya dirisha, nikatazama ndani.

Ndani alikuwepo mtoto. Alikuwa na gauni langu la maua ya njano, lilelile, na andazi mkononi. Alinitazama kama mtu aliyekuwa akiningojea.

Najua msomaji ataniuliza kama nyumbani hatukuwa na kioo. Tulikuwa nacho, kidogo cha mviringo, cha baba kunyolea ndevu, kimetundikwa juu ambako sikufika. Mtu akinibeba nilijiona jicho na kipande cha shavu, basi. Hiki cha hospitali kilikuwa dirisha, na dirisha ni la kuangalia ndani. Kinachoonekana dirishani kimo ndani ya nyumba. Tena nilikuwa nimeambiwa na mtu mzima, kwa kidole, kwamba nitazame humo. Na mtoto mwenye gauni kama langu, mwenye andazi kama langu, mwenye uso ambao watu wote walisema ni wangu, nilimjua jina tangu zamani. Lile gauni la pili la Bujora hatimaye nililiona limevaliwa. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mwanzoni nilifurahi. Nilimwonyesha andazi langu, naye akanionyesha lake. Furaha hiyo haikukaa. Niliangalia kama nitamwona mama nyuma yake, sikumwona. Palikuwa na mawe na anga na Kulwa. Nikaanza kupiga hesabu za kitoto. Kulwa huishi mahali ambako watu wakienda hawarudi, hilo nilishalisikia kwa wakubwa wakinong'ona. Sasa Kulwa yuko kwenye chumba cha mama. Basi ama chumba kile ndicho mahali penyewe, ama Kulwa amekuja kumchukua mama ampeleke huko. Mimi nimekaa na mama miaka yangu yote, na yeye hakuwahi kupata zamu yake. Bibi mwenyewe alinifundisha kwamba kila kitu chetu ni nusu kwa nusu.

Tangu hapo sikutulia. Mama alikuwa akiniita kiguu na njia hata kabla ya kuugua, lakini kipindi kile nilizidi. Nilizunguka jengo nikitafuta mlango mwingine. Nilirudi mbio dirishani kumfumania Kulwa, na kila niliporudi, naye alikuwa amerudi. Nilijificha chini ya dirisha nikachomoza kichwa ghafla; naye alichomoza. Nyumbani sikula vizuri wala sikulala vizuri. Nilipoambiwa kwamba subira huvuta heri, niliona watu wazima hawajui kinachoendelea. Nilikuwa na hakika kwamba ni mimi peke yangu ninayemwona adui, na kwamba nikikaa kimya mama ataondoka.

Siku moja bibi alitoka wodini mapema, akanikuta juu ya jiwe nimekamata nondo kwa mikono yote miwili, naongea.

"Nguo tumekupa," nilikuwa nikisema. "Maandazi tumekupa. Mama sikupi. Mrudishe."

Bibi aliniuliza naongea na nani. Nikamwambia, Kulwa, yumo ndani na mama. Bibi akakitazama kioo. Najua alichokiona: bibi mmoja na kapu tupu, na mtoto mmoja. Hakuwa mshamba wa kutojua kioo. Lakini kwake ilikuwa hivi: habari za Kulwa anayezijua ni Doto, na Doto akisema amemwona Kulwa, hakuna mtu, awe na elimu ya namna gani, wa kumbishia. Alinishusha kwenye jiwe taratibu sana. Nilimkazia macho, maana nilitaka aniambie nimekosea.

Jioni ile baba alirudi kutoka kiwandani akakuta bibi amefunga mizigo. Kwa heshima ya ukwe, baba hakuwa akiingia chumba alichokaa bibi. Alisimama nje ya mlango akitazama pembeni, wakaongea hivyo, mimi nikiwa katikati kizingitini. Bibi alisema mgonjwa atolewe hospitali apelekwe Bujora, ifanyike dawa ya mapacha, Kulwa apewe haki yake na aombwe amwache mama yake. Alisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Baba alimweleza alichoambiwa na daktari, kwamba kidonda kiko wazi, kwamba mama anaishi kwa dripu, kwamba hata kumkalisha ni kazi. Bibi akajibu kwamba wiki zote hizo za dripu homa haijashuka, na kwamba alishazika mjukuu mmoja huku akiambiwa asubiri. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema neno kuzika.

Baba alivua kofia yake ya kazi.

"Mama," alisema, "nikimtoa akafa, nitakuwa nimemuua. Nikimwacha akafa, utasema nimemuua. Niambie kipi."

Bibi akalia. Na baba, ambaye nilimjua kama mtu asiyeyumba, akayumba. Alikubali kwamba mwisho wa wiki atakodi gari. Nilikuwa pale pale kizingitini nasikia, na sikuelewa kwamba neno langu ndilo lililoleta yote hayo. Nilichoelewa ni kwamba wakubwa nao wameanza kumwogopa Kulwa, na hiyo ikanitisha kuliko kitu chochote.

Siku chache zilizobaki nilimbembeleza. Nilimwahidi vitu ambavyo sikuwa navyo. Nilimwambia achukue baba, kisha nikafuta haraka, nikamwambia achukue kuku. Kulwa hakujibu neno, midomo yake ilikwenda pamoja na yangu tu, nikaona ananidhihaki.

Siku ya kuamkia ile ya gari, wadudu wa ziwani walikuwa wameamka, wakaja kwa wingi kama moshi kutoka majini, na nyuma yao likaja wingu jeusi la mvua. Mchana ukawa jioni kwa dakika chache. Upepo ulipiga mabati, vumbi likaniingia machoni. Kwenye kioo niliona Kulwa anafifia. Kwanza gauni lilipoteza rangi, kisha uso ukawa kivuli, na mawe ya nyuma yake yakayeyuka. Ndani hapakuwa na taa. Umeme ulikuwa umekatika. Kisha jenereta ya hospitali ikanguruma mahali fulani upande wa chini, na taa za wodi zikawaka zote kwa pamoja.

Mama alikuwa hapo hapo. Alikuwa karibu yangu kiasi kwamba nondo zisingekuwepo ningeweza kugonga kioo mbele ya uso wake. Kitanda, chuma cha dripu, shuka la kijani, na mama ameegemezwa mito, amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu, akinitazama moja kwa moja machoni. Kulwa hakuwepo. Nilimtafuta kila kona ya chumba kile, chini ya kitanda, nyuma ya pazia, hakuwepo. Na mama akainua mkono, taratibu, mpaka usawa wa kichwa.

Nilipunga mikono miwili. Nililia na kucheka na mvua ikaanza, matone makubwa, nami sikushuka kwenye jiwe mpaka bibi alipokuja kunitoa kwa nguvu. Nikamwambia Kulwa ameondoka. Nikamwambia mama yuko peke yake na amenipungia. Bibi alinishika mabega tukiwa tunalowa wote wawili, akaniuliza tena, na tena, kama kweli amemwacha mama yake. Nikasema amemwacha.

Jioni bibi aliniambia nimwambie baba kwamba gari halihitajiki. Baba alikuwa amesimama mlangoni na amesikia mwenyewe, lakini nikamwambia hivyohivyo, kwa sauti. Akakaa chini kwenye vumbi, akaufunika uso kwa kofia yake ya kazi. Mama alibaki hospitali. Homa ilishuka, si siku hiyo, ila ilishuka, na kidonda kikafunga. Alirudi Igogo akitembea kwa kushikilia ukuta, na baada ya miezi akarudi kwenye jiko lake.

Nadhani nilisoma fizikia kwa sababu ya dirisha lile, ingawa watu wakiniuliza huwaambia nilipenda hesabu. Nilitaka kujua kulitokea nini. Kwa muda mrefu nilidhani mwanga hupita kwenye kioo kwa kutafuta matundu, kama dagaa wadogo wanavyoponyoka kwenye nyavu. Sivyo. Mwanga huja kwa chembe, fotoni, na kila moja ni fungu la nishati lisilogawanyika. Elektroni zilizomo ndani ya kitu zinaweza kuimeza fotoni ikiwa tu fungu lake linatosha kuzipandisha ngazi inayofuata, na katika kioo safi ngazi hiyo iko juu mno kwa mwanga huu tunaouona. Elektroni zinatikiswa, lakini hazina pa kupanda, kwa hiyo haziwezi kuukamata mwanga. Unapita. Ukuta wa tofali unakuficha na mchanga ulioyeyushwa haukufichi, na sababu yake ni urefu wa ngazi ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona.

Kioo cha wodi kilikuwa kimepakwa utando mwembamba wa metali, kwa hiyo fotoni ikikifikia ilimezwa, au ilirudi, au ilipita. Na ilifanya hivyo nzima. Haipiti nusu ikarudi nusu. Hapo ndipo wanafunzi wangu wa kidato cha sita huanza kugombana nami. Chukua fotoni mbili, nawaambia, za rangi moja, zimetoka taa moja, zimekuja njia moja. Hazina alama yoyote ya kuzitofautisha, si kwamba sisi hatuioni, haipo. Moja inarudi, nyingine inapita. Wananiuliza kwa nini hii na si ile. Ninawajibu kwamba katika nyingi tunaweza kukokotoa kwa usahihi mkubwa ni sehemu gani itapita, lakini kuhusu moja hii iliyo mbele yako, kwa kadiri tunavyojua, hakuna sababu iliyofichwa mahali ikingoja tuifukue. Kijana mmoja wa dawati la nyuma alisema hilo ni jibu la mwalimu mvivu. Darasa likacheka, nami nikacheka. Kisha nikatoka kabla ya kengele, nikazunguka uwanja wa mpira kwa miguu katika jua kali.

Maana maisha yangu yote watu wamenipa sababu. Shangazi mmoja alisema nilinyonya kwa pupa nikamaliza maziwa ya mwenzangu. Jirani alisema Kulwa alikuwa mzuri mno. Mchungaji alisema Mungu ana kazi na mimi, na nikaitafuta hiyo kazi mpaka nikachoka. Homa moja, kitanda kimoja, nyama na damu moja. Sipendi jibu la fotoni, linanikera, huniamsha alfajiri. Lakini ni jibu pekee ambalo halimlaumu mtu, na ninapolifundisha huwa nasikia kifua kinalegea kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo kioo kilinifundisha. Kioo hakipendelei upande. Fotoni inayotoka ndani ina nafasi ileile ya kupita kama inayotoka nje. Kwa hiyo siku zote zile nilizomwona Kulwa, fotoni zilizotoka kwenye uso wa mama zilikuwa zikipita kioo na kuingia machoni mwangu. Zilikuwa chache, chumba kilikuwa na kivuli. Nami nilisimama juani, na mwanga uliopiga gauni langu na kunirudia kutoka kwenye kioo ulikuwa mwingi mara nyingi zaidi. Za mama zilizama humo. Nondo zisingekuwepo, ningebandika uso kiooni nikaziba jua kwa viganja, ningemwona siku ya kwanza, na bibi asingefunga mizigo. Mama alikuwa tayari machoni mwangu, nami nikaona gauni.

Siku nilipochora hayo ubaoni, mshale wa ndani na mshale wa nje, chaki ilinisimama mkononi. Nilikuwa nimeona kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Wingu lilipoleta giza nje na taa zikawaka ndani, mambo yaligeuka kwa wote wawili. Mimi niliyekuwa gizani nikamwona mama. Mama aliyekuwa kwenye mwanga mkali, akitazama giza, hangeweza kuniona. Alikuwa akijiona mwenyewe.

Basi alimpungia nani?

Sikumuuliza. Miaka imepita nikiwa na swali hilo, na kila nilipokwenda Igogo niliongea mambo mengine. Niseme wazi kwamba mkono ule ndio ulionilea. Nikifeli mtihani niliukumbuka. Nilipoachwa na mwanamume niliyempenda, niliukumbuka: mtu aliyekuwa anakaribia kufa, akatumia nguvu zake kuninyanyulia mkono. Sikutaka kuupoteza kwa sababu ya mishale miwili ubaoni. Lakini jana harufu ya silikoni ilinishinda. Nilimwacha fundi na ngazi yake, nikachukua bodaboda hadi Igogo.

Mama alikuwa amekaa uani juu ya mkeka anachambua dagaa, mchanga huku, dagaa huku. Nilimsalimia, akaitikia marahaba, akaniuliza mbona nahema. Nilimuuliza nikiwa bado nimesimama. Nilimkumbusha siku ya mvua, jenereta, na mkono. Kwa mara ya kwanza nikamweleza pia habari za Kulwa wa dirishani, na gari ambalo lilikuwa likodiwe. Bibi na baba wameshatangulia mbele ya haki, na hakuna kati yao aliyewahi kumwambia. Aliacha kuchambua, akasikiliza mpaka mwisho.

"Siku hiyo sikukupungia," alisema. "Sikukuona kabisa. Taa ziliwaka, nikamwona mwanamke kwenye kioo, kichwa wazi, nywele zimenyonyoka. Nikadhani ni mgonjwa mwingine ameinuka nyuma yangu. Nilipojishika kichwa, naye akajishika. Ndipo nikajua ni mimi."

Nilihisi nimenyang'anywa kitu mchana kweupe. Nilikwenda mpaka mlangoni nikarudi. Nikamwambia kwamba nimeishi na mkono ule, kwamba ni wa kwangu, kwamba sina mwingine. Sauti yangu ilipanda na sikuona aibu. Mama alinitazama kwa namna yake ya kuchoshwa na mtu asiyeelewa.

"Kwani zile siku nyingine?" aliuliza.

Nikamuuliza siku zipi.

"Kila siku uliyokuja. Nilikuwa nakungoja tangu kunapopambazuka. Unapanda jiwe lako, unashika nondo kama mfungwa, na mimi nakupungia. Wewe umenikazia macho tu, umenuna, unasema maneno siyasikii. Nikajua mtoto amenikasirikia kwa kuugua. Hata hivyo nikapunga."

Nilikaa chini kwenye mkeka, juu ya dagaa wengine, hakunigombeza. Nikamwomba anionyeshe alivyokuwa akipunga. Akasema nisimletee utoto, ana kazi. Nikamwomba tena.

Alikung'uta magamba kwenye kiganja, akaulaza mkono wake wa kushoto juu ya paja kama ulivyokuwa umelazwa siku zile, kwa sababu ndio uliokuwa na dripu, na ule mwingine ulikuwa umeshikilia tumbo. Kisha, bila kuinua mkono, akainua vidole viwili. Vilipanda kidogo sana, vikashuka, vikapanda tena.

"Umeona?" aliuliza.

Nikamwambia nimeona.